Kiendeshi cha kadi ya mtandao: Karani asiyeonekana ndani ya tarakilishi

NENO marikiti halikuzaliwa katika Kiswahili. Lilitoka kwa Waingereza, likaongezewa irabu kama ilivyo ada ya lugha hii, na leo hakuna mkazi wa kisiwa cha Mombasa anayelitafutia tafsiri. Soko lenyewe, lililojengwa mwaka 1914 na kuitwa Mackinnon enzi za ukoloni, lipo kando ya Barabara ya Digo, pembezoni mwa Mji wa Kale, na wapishi hulifuata kwa ajili ya iliki, bizari, mdalasini, mboga na matunda.

Neno jingine lililoingia kwa mlango huo huo ni draiva. Wataalamu wa istilahi hupendelea kuliita kiendeshi, ingawa wapo wanaolitumia jina hilo pia kwa kifaa cha kuhifadhia data. Draiva anayezungumziwa hapa hashiki usukani wa matatu. Ni programu ndogo inayoiwezesha tarakilishi kukitambua na kukitumia kifaa fulani kilichounganishwa nayo.

Makala haya yanaeleza kiendeshi cha aina moja tu: kile cha kadi ya mtandao ya Etheneti katika mifumo ya jamii ya Unix, kama vile Linux na FreeBSD. Ni programu ambayo watumiaji wengi hawajapata kuisikia. Hata hivyo, tarakilishi ya muuza viungo wa Marikiti na ile ya benki kubwa zote zinaihitaji kabla ya kutuma hata barua pepe moja kupitia waya.

Mombasa ni mahali pafaapo kulitazama jambo hili. Nyaya za mawasiliano zinazopita chini ya bahari hutua hapa. SEACOM ilianza kazi Julai 2009, TEAMS inayouunganisha mji huu na Fujairah katika Milki za Kiarabu ikafuata mwaka huo huo, na EASSy ikaja mwaka 2010. Kabla ya hapo Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti, kwa gharama kubwa na kasi ndogo. Lakini data iliyovuka maelfu ya kilomita baharini bado ina safari fupi ya mwisho: mita chache za waya kutoka kwenye swichi ya ofisi hadi nyuma ya tarakilishi. Huko ndiko kiendeshi kinakofanyia kazi. Kikishindwa, nyaya zote za baharini hazimfai kitu mwenye tarakilishi hiyo.

Maana ya istilahi

Unix ni mfumo wa uendeshaji ulioanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell nchini Marekani. Kutokana nao ilizaliwa mifumo mingine mingi. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa tawi la BSD, ambalo ndilo asili ya FreeBSD. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Haikunakili msimbo wa Unix, bali iliandikwa upya ikifuata desturi zake. Simu za Android nazo hutumia kiini cha Linux.

Kiini hicho, ambacho wahandisi hukiita kerneli, ndicho sehemu ya ndani kabisa ya mfumo. Hugawa kumbukumbu, hupanga zamu za programu na kulinda mipaka baina yao. Viendeshi huishi ndani ya kerneli au huambatishwa kwayo vikiwa vipande vinavyoitwa moduli, ambavyo vinaweza kuingizwa na kuondolewa mashine ikiwa inafanya kazi.

Etheneti nayo ni utaratibu wa kuunganisha tarakilishi zilizo karibu. Robert Metcalfe aliueleza katika waraka wa mwaka 1973 akiwa katika kituo cha utafiti cha Xerox, California, na akaujenga pamoja na David Boggs. Mwaka 1983 taasisi ya wahandisi ya IEEE iliufanya kuwa kiwango rasmi, 802.3. Kasi iliyoanza kwa megabiti 10 kwa sekunde ilifika 100 katika miaka ya 1990, kisha 1,000, na sasa vipo vituo vya data vinavyotumia 100,000 na zaidi.

Data inayosafiri katika Etheneti hukatwa vipande viitwavyo fremu. Fremu ya kawaida huwa na baiti zisizopungua 64 wala kuzidi 1,518. Kila moja hubeba anwani ya inakokwenda, anwani ya ilikotoka, mzigo wenyewe, na mwishoni hesabu ya kuthibitisha kwamba haikuharibika njiani.

Kati ya lango na vibanda

Kazi ya kiendeshi inaeleweka kwa urahisi ikifananishwa na shughuli za sokoni. Mizigo hufika langoni kutoka bara. Lango halijui nani anauza nini. Hupitisha tu kinacholetwa. Wenye vibanda nao wanazifahamu bidhaa zao na wateja wao, lakini hawawezi kukaa langoni kutwa nzima. Anahitajika karani anayelijua lango, anayevijua vibanda, na anayeandika kila kilichoingia na kutoka.

Katika tarakilishi, kadi ya mtandao ndiyo lango. Hutambua mawimbi ya umeme katika waya na kuyageuza kuwa baiti. Kerneli ndiyo soko lenye vibanda, kwa maana inajua ni programu ipi inayosubiri ujumbe upi. Kiendeshi ndicho karani. Kila aina ya kadi ina desturi zake kuhusu mahali pa kuandika amri na mahali pa kusoma hali yake, na ni kiendeshi pekee kinachozijua desturi hizo. Kerneli iliyosalia haina haja ya kuzijua. Hutoa amri zile zile kwa kadi zote, nacho kiendeshi huzitafsiri.

Hatua ya kwanza ni utambuzi. Tarakilishi inapowashwa, kerneli huuliza kila kifaa kilicho katika njia ya PCI kujitambulisha kwa namba mbili: ya mtengenezaji na ya kifaa. Kadi yenye chipu ya Realtek RTL8139, kwa mfano, hujibu 10ec na 8139. Kerneli huitafuta jozi hiyo katika orodha ya viendeshi ilivyo navyo. Ikiiona, kiendeshi huitwa. Isipoiona, kadi hubaki chuma kitupu.

Hatua ya pili ni maandalizi. Kiendeshi huirudisha kadi katika hali ya mwanzo, husoma anwani yake ya kudumu yenye baiti 6 iliyoandikwa kiwandani, hutenga nafasi katika kumbukumbu, kisha huisajili kadi kwa jina. Katika Linux jina la kadi ya kwanza lilizoeleka kuwa eth0. Tangu mwaka 2013 mifumo mingi ya Linux ilianza kutumia majina yanayofuata mahali kadi ilipochomekwa, kama enp3s0, ili yasibadilike ovyo kadi inapoongezwa. FreeBSD hutumia jina la kiendeshi chenyewe. Kadi ya RTL8139 huitwa rl0, na zile za Intel huweza kuitwa fxp0 au em0.

Hatua ya tatu ni upokeaji. Katika kadi nyingi kiendeshi hupanga vikapu vitupu kwa duara ndani ya kumbukumbu na kuijulisha kadi vilipo. Fremu inapowasili, kadi huitia katika kikapu kinachofuata bila kuisumbua prosesa, huweka alama kwamba kimejaa, kisha hubisha hodi. Hodi hiyo ni ishara ya umeme inayoilazimisha prosesa kuacha ilichokuwa ikifanya na kumwita karani. Kiendeshi hukichukua kikapu kilichojaa, hukikagua, hukikabidhi kwa sehemu ya kerneli inayoshughulikia itifaki za intaneti, na kuweka kikapu kitupu mahali pake.

Karani akichelewa na vikapu vyote vikajaa, kadi haina la kufanya ila kuimwaga fremu inayofuata. Hakuna tangazo linalotolewa. Ni juu ya itifaki za ngazi ya juu, hasa TCP, kugundua kwamba kipande kimepotea na kuomba kitumwe tena. Mtumiaji huona tu kwamba mtandao umekuwa mzito.

Hatua ya nne ni utumaji, ambao hufuata njia hiyo kwa kinyume. Fauka ya hayo, kiendeshi hufuatilia kama waya umechomekwa, hupatana na swichi kuhusu kasi, na kuweka hesabu ya fremu zilizopita na zilizoharibika.

Hodi inapozidi

Utaratibu wa kubisha hodi kwa kila fremu ulifaa mitandao ilipokuwa ya polepole. Waya wa megabiti 100 ukijaa fremu ndogo kabisa unaweza kuleta zaidi ya fremu 148,000 kwa sekunde, na ule wa gigabiti moja huleta mara 10 ya hizo. Prosesa ikikatizwa kazi kila mara, huishia kuitikia hodi tu pasipo kupata wasaa wa kuufungua mzigo wowote. Mashine huonekana imeganda ilhali inafanya kazi kwa nguvu zake zote.

Linux ilipata dawa ya tatizo hilo mwanzoni mwa miaka ya 2000 kupitia utaratibu uitwao NAPI. Hodi ya kwanza inapogongwa, kiendeshi huifunga kengele na kuahidi kurudi. Kisha karani huvizungukia vikapu mwenyewe, akichukua idadi maalumu kwa kila zamu, hadi vitakapokwisha. Hapo ndipo kengele hufunguliwa tena. Siku yenye mizigo michache kila hodi huitikiwa mara moja. Siku ya msongamano hakuna anayepoteza muda kukimbilia mlangoni.

Kadi ya bei ndogo na sifa yake

Ubora wa kadi hauonekani kwa nje. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Novell ilitoa kadi ya NE2000, ambayo muundo wake ulikuwa rahisi kiasi kwamba viwanda vingi vya Asia viliuiga. Baadaye chipu ya RTL8139 ya kampuni ya Realtek ya Taiwan ilishika nafasi hiyo. Ilikuwa ya bei nafuu, ikaenea katika tarakilishi za nyumbani, ofisini na katika vibanda vya intaneti kote duniani.

Unafuu huo ulikuwa na gharama yake. RTL8139 haitumii vikapu vingi vinavyojitegemea; humwaga fremu zote katika eneo moja mfululizo la kumbukumbu. Kwa hiyo prosesa hulazimika kunakili kila fremu kwenda mahali pengine kabla ya kuitumia. Bill Paul, aliyeandika kiendeshi cha rl cha FreeBSD, aliueleza udhaifu huo waziwazi katika maelezo aliyoyaacha ndani ya msimbo, akiiweka chipu hiyo katika daraja la chini kabisa la kadi za wakati wake. Hata hivyo aliiandikia kiendeshi, nacho kilifanya kazi.

Kwa upande wa Linux, viendeshi vingi vya mwanzo viliandikwa na Donald Becker alipokuwa katika kituo cha Goddard cha NASA. Mwaka 1994 yeye na Thomas Sterling waliunganisha tarakilishi 16 za kawaida kwa Etheneti ili zifanye kazi ya tarakilishi kubwa, mradi ulioitwa Beowulf. Kazi hiyo ilihitaji kadi za bei nafuu zinazofanya kazi sawasawa katika Linux, na Becker akaandika viendeshi vyake na kuvitoa kwa umma. Kiendeshi cha RTL8139 kinachotumiwa katika Linux, 8139too, kilitayarishwa na Jeff Garzik kutokana na kazi ya Becker.

Faida kwa nchi ya mitumba

Suala hili lina uzito wa pekee Afrika Mashariki, ambako tarakilishi nyingi huingia zikiwa zimetumika kwingine. Nchini Kenya, shirika la Computers for Schools Kenya limekuwa likikarabati mashine za namna hiyo na kuzipeleka shuleni tangu mwaka 2002. Mashine iliyokwisha kutumiwa miaka mitano ng'ambo huwa na kadi ambayo huenda mtengenezaji wake ameacha kuishughulikia.

Mtengenezaji anayetoa kiendeshi bila msimbo wake hubaki na ufunguo peke yake. Toleo jipya la mfumo likija naye asitoe kiendeshi kipya, kadi nzima huwa takataka. Katika Linux na FreeBSD viendeshi vingi huja pamoja na msimbo wake. Fundi wa Nairobi, Dar es Salaam au Mombasa anaweza kuusoma, kuurekebisha na kuwapelekea wenzake marekebisho hayo bila kuomba ruhusa kwa mwenye kiwanda.

Uwazi huo ndio uliokiwezesha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwezi Desemba 2004. Hali kadhalika, mafunzo ya wahandisi wa mitandao barani Afrika ya AfNOG, yaliyoanza mwaka 2000 na kufanyika Nairobi mwaka 2006, yalitumia FreeBSD kufundishia.

Lakini msimbo wazi haumaanishi uhai wa milele. FreeBSD 13.0, iliyotolewa mwaka 2021, iliacha nje viendeshi kadhaa vya kadi za kasi ya megabiti 10 na 100. Miongoni mwao ni kile cha ed, kilichoziendesha NE2000 kwa miaka mingi. Sababu ni kwamba kila kerneli inapobadilishwa viendeshi vyote hupaswa kurekebishwa, na kiendeshi kisicho na mtu wa kukijaribu huwa mzigo. Vile vilivyoonekana kuwa na watumiaji viliachwa, rl kikiwamo. Funzo kwa wenye mashine za zamani ni dhahiri: kiendeshi huendelea kuishi pale wanaokitumia wanapojulikana. Anayekaa kimya huhesabiwa kwamba hayupo.

Kosa dogo, hasara kubwa

Kwa kuwa kiendeshi huishi ndani ya kerneli, makosa yake hayafanani na ya programu ya kawaida. Programu ya kuandikia barua ikikosea, hufungwa na kufunguliwa tena. Kiendeshi kikikosea, mashine nzima huweza kusimama.

Ushahidi ulipatikana mwezi Septemba 2008. Watu waliokuwa wakijaribu matoleo ya awali ya kerneli ya Linux 2.6.27 waligundua kwamba baadhi ya kadi za Intel zinazotumia kiendeshi cha e1000e zimekufa. Kumbukumbu ndogo ya kudumu iliyo katika kadi ilikuwa imeharibiwa, na kuwasha mashine upya hakukusaidia. Lawama zilikiangukia kiendeshi. Uchunguzi wa wiki kadhaa ulionyesha kwamba mkosaji alikuwa kwingine: sehemu ya kerneli ya kufuatilia mwenendo wa mfumo ilikuwa ikiandika mahali palipokuwa pake hapo awali, lakini ambapo sasa pamegawiwa kadi. Watengenezaji waliifunga sehemu hiyo na kuongeza kinga katika kiendeshi ili kumbukumbu ya kadi isiandikwe kwa bahati mbaya.

Kisa hicho kilionyesha hatari na dawa yake kwa pamoja. Katika kerneli jirani mmoja anaweza kumharibia mwingine, lakini kwa kuwa msimbo ulikuwa mbele ya macho ya wote, chanzo kilipatikana na kutangazwa hadharani.

Namna ya kukagua

Mtu anayenunua tarakilishi iliyotumika anaweza kujua kama kadi yake inatambuliwa kabla ya kutoa fedha. Njia rahisi ni kuiwasha mashine kwa Linux iliyo katika kijiti cha USB, bila kugusa diski yake, kisha kufuata mpangilio huu:

Kwanza, ni kutazama taa zilizo kando ya tundu la waya. Zisipowaka waya ukiwa umechomekwa, huenda kasoro ikawa katika waya au swichi, ingawa kadi isiyo na kiendeshi nayo huweza kukaa kimya.

Pili, ni kuandika amri ya lspci -k, ambayo huorodhesha vifaa pamoja na kiendeshi kinachokitumikia kila kimoja. Kadi ikitajwa bila kiendeshi, karani hajaajiriwa. Katika FreeBSD amri ya pciconf -lv hufanya kazi hiyo.

Tatu, ni kusoma taarifa za kerneli kwa amri ya dmesg. Baadhi ya kadi za kisasa huhitaji faili la ziada linalopakiwa ndani ya kadi yenyewe, na lisipokuwapo kerneli hulalamika hapo kwa kulitaja jina.

Nne, ni kutumia ip link kuona kama kadi imepewa jina na kama kiungo kiko hewani. Amri ya ethtool ikifuatwa na jina hilo huonyesha kasi waliyopatana kadi na swichi. Kadi ya megabiti 1,000 inayoonyesha 10 mara nyingi huashiria waya mbovu.

Hatua hizo zote zikipita salama na intaneti bado isipatikane, karani hana hatia. Tatizo litafutwe kwingine, katika anwani ya mashine, kwenye ruta au kwa kampuni inayotoa huduma.

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Nyuma ya kila ujumbe unaoingia katika tarakilishi kwa waya kuna mistari elfu kadhaa ya msimbo iliyoandikwa na watu ambao majina yao hayaonekani katika skrini. Kwa Afrika Mashariki yenye mashine za kila umri, vijana wanaoweza kuisoma mistari hiyo na kuirekebisha ni hazina. Ndio watakaoamua ni mashine ipi inayoendelea kufanya kazi na ni ipi inayotupwa jaani mapema.